Mwanza tuna kila kitu, ila siku kubwa Kirumba tunavaa rangi za Dar

Wana Mwanza mwangaluka. Hii kitu nimekaa nayo rohoni muda mrefu na leo naitoa yote, ni ndefu kidogo mnivumilie.

Mji ninaoishi huku Ujerumani unaitwa Würzburg. Ni mji mdogo, watu kama 130,000 tu, una mto Main unapita katikati na mashamba ya zabibu pembeni. Mwanza jiji ukijumlisha Nyamagana na Ilemela, sensa ya 2022 ilitupa zaidi ya milioni moja. Na hii miji miwili ni ndugu kabisa, wengi nyumbani hawajui hili, Würzburg na Mwanza ni miji dada toka mwaka 1966, na mpaka leo hospitali yetu ya Bugando na hospitali ya chuo kikuu ya huku wanashirikiana. Sasa nikilinganisha hawa ndugu wawili, uyu mdogo ana timu yake, ana mziki wake, na anavipenda bila kumwangalia jirani anasemaje. Sisi wakubwa tuna timu yetu ya Pamba, tuna ngoma ambazo dunia nzima ingetamani kuwa nazo, alafu Simba au Yanga ikija kutoka Dar uwanja wetu wenyewe wa Kirumba unabadilika rangi, mwenyeji anaonekana mgeni.

Nianze na mpira maana ndo unaniuma zaidi.

Timu ya hapa ni Würzburger Kickers, ilianzishwa 1907, jezi nyekundu na nyeupe. Imepanda imeshuka, 2016 walifika ligi daraja la pili, wakashuka, wakarudi 2020, wakashuka tena na tena mpaka daraja la nne. Daraja la nne wazee! Na Bayern München iko mkoa huo huo wa Bavaria, treni ya haraka ni kama masaa mawili tu, makombe wanayo hayahesabiki, ukitaka kushabikia mshindi umempata hapo hapo. Lakini nenda Dallenberg siku ya mechi, ule uwanja uko mlimani kidogo, utakuta watu wanapanda kile kilima na skafu zao, wazee wa miaka sabini na kitu, watoto mabegani, vijana na ngoma yao nyuma ya goli wanaimba dakika tisini mvua inanyesha. Mtangazaji anataja jina la kwanza la mchezaji, uwanja mzima unamalizia la ukoo. Mpinzani ni timu ya kijiji ambacho hata ramani inakitafuta, na wao wapo tu.

Jirani yangu ni mzee mmoja mstaafu, tulipojuana aliniuliza natoka wapi nikamwambia Mwanza, akauliza timu ya kwenu ni ipi. Akataka ya kwetu, ya mji wetu, hakuuliza timu kubwa ya Tanzania ni ipi. Nikamwambia Pamba. Toka siku hiyo tukikutana kwenye ngazi baada ya salamu anauliza Pamba wametoka ngapi, na anajua kama tulicheza ugenini au nyumbani. Mwaka 2024 Kickers walichukua ubingwa wa ligi yao alafu wakatolewa kwa penalti na vijana wa Hannover kwenye mechi za kupanda, yule mzee alikuwa kama amefiwa. Na mwaka huo huo ndo Pamba ikarudi Ligi Kuu. Alinipa mkono akanipongeza kwa dhati kabisa, japo yeye siku zake zilikuwa za huzuni.

Wadogo ambao hamjui, Pamba ilishuka 2001. Miaka 23 jiji la pili kwa ukubwa nchini linaishi bila Lindanda, yaani Pamba, kwenye Ligi Kuu. Tulikuwa na Toto African, wana Kishamapanda, wakapanda wakashuka. Mbao wakaja wakatupa ile raha ya 2017, waliwatoa Yanga pale pale Kirumba nusu fainali ya kombe la FA, wakaenda fainali Dodoma wakafungwa na Simba 2-1 baada ya kupigana kiume mpaka dakika za nyongeza. Alliance nao wakaja wakapita. Lakini ukikaa na wazee wetu, mjomba wangu kwa mfano, yeye hana habari na hao wote, yeye ni Pamba ile ya zamani ya Bodi ya Pamba, anakutajia wachezaji kina Khalfan Ngassa, George Masatu, Hussein Masha, Nteze John, Fumo Felician, anakutajia mpaka nani alikuwa anamwekea nani mpira, na anavyosimulia unaona kabisa kwamba zamani Simba na Yanga wakija Mwanza walikuwa wanakuja na wasiwasi.

Sikuizi wanakuja kama wanakuja kwao. Mi mechi naangalia kwa simu, kwenye app ya Azam Max, na majira ya baridi saa kumi jioni ya Mwanza ni saa nane mchana ya huku, yaani mara nyingi Kickers na Pamba wanacheza muda mmoja kabisa. Nimesimama Dallenberg, sikio moja nasikiliza hapa, sikio lingine Kirumba. Siku ya Simba au Yanga Kirumba imefurika, kelele hadi simu inakoroma, nafurahi, alafu mgeni anafunga na uwanja unalipuka. Unalipuka kwa goli alilofungwa mwenyeji! Wiki ya pili Pamba anacheza na timu ya kawaida, kamera ikigeuka jukwaani saruji ndo inaonekana.

Najua mtasema Simba na Yanga ni urithi, baba alikuwa Yanga, babu alikuwa Yanga, toka 1935 na 1936 hizo timu ni za nchi nzima. Nakubali, na mi nilizaliwa nyumba ya Yanga, mwaka 2023 kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika walipochukua ushindi kule Algiers na kombe likawaponyoka kwa sheria ya goli la ugenini sikulala. Kimataifa wakicheza ntawashangilia wote, Simba pia. Ila siku wakiwa upande wa pili wa Pamba, pale Kirumba, mbele ya ziwa letu, mi siwezi na sioni kwa nini mtoto wa Igoma au Buhongwa aweze. Kupenda timu ya mashabiki wa nchi nzima hakukukatazi kuwa na timu ya nyumbani, na ikifika siku ya kuchagua nyumbani kwanza.

Na hapa ndo mziki unapoingia, maana ni ugonjwa ule ule.

Huku kuna tamasha linaitwa Mozartfest, lipo toka 1921, linafanyika kwenye jumba la kifalme la Residenz ambalo UNESCO waliliweka kwenye urithi wa dunia 1981. Zaidi ya miaka mia moja! Mozart mwenyewe si wa Würzburg, kwao ni Salzburg, Austria. Lakini mji ukaamua hii ni yetu, ukaishika, mjukuu anaenda alipoenda bibi yake. Alafu kuna Africa Festival, ilianza 1989 kando ya mto, mahema, majukwaa, mziki wa Afrika siku kadhaa mfululizo, na watu wa hapa walikuwa wanakuja na watoto wao wanacheza mpaka viatu vinaisha. Nimesimama pale nasikiliza kora, ala ya nyuzi kutoka Afrika Magharibi, umati umetulia kimya, na kichwani nawaza bugobogobo, ngoma yetu ya Kisukuma, ikiingia hapa leo na yale majembe yanarushwa juu na kudakwa, hawa watu wangeongea mwaka mzima.

Maana sisi wenzenu tuna Bujora, kituo cha utamaduni wa Wasukuma. Pale Kisesa, nje kidogo tu ya jiji, daladala inakufikisha. Kila mwaka mwezi wa sita baada ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kuna Bulabo, sherehe ya mashindano ya ngoma, na pale Wagalu na Wagika wanakutana. Nisimulie kidogo kwa asiyejua. Haya ni makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, yalianza karne ya 19, waasisi wake ni Ngika na Gumha, wote wacheza ngoma na wataalamu wa dawa, wakabishana nani mkali. Mpaka leo wapo walio Wagalu na wapo walio Wagika. Mashindano yenyewe yanaenda hivi, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila mmoja na ngoma zake na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo, na vituko vyake, wengine wanaingia na chatu mzima shingoni, wengine wanakuja na sanamu, na watu wako katikati wanakimbilia huku mara kule. Hakuna jaji na karatasi. Ulipo umati ndo kwenye ushindi. Anayevuta watu wengi zaidi ameshinda, basi.

Yaani hebu tafakarini hilo. Kabla Simba na Yanga hazijazaliwa huko Kariakoo, Msukuma alishakuwa na watani wake wa jadi, na akaweka sheria kwamba miguu ya watazamaji ndo kura. Ukisimama kwa Wagalu umewapa Wagalu. Hatuhitaji kufundishwa na Mjerumani namna ya kupenda cha kwetu, babu zetu walilijua hili wakalifanya mchezo. Pamba akicheza na jukwaa liko wazi, kwa sheria ya Bulabo tumeshampa ushindi mwenzake kabla refa hajapuliza.

Mziki wa kisasa nao hivo hivo. Rapa Fid Q toka anaanza kuvuma hajawahi kuacha kuitaja Mwanza, Young Killer Msodoki naye ni rapa wetu, lakini studio na redio zenye sauti kubwa ziko Dar, kijana akitaka asikike lazima apande basi. Na ilhali tuna Radio Free Africa hapa hapa, redio ambayo ilitulea kizazi kizima na zilipendwa zake, tuna kanisa la AIC Makongoro na kwaya zao ambazo nikizipiga huku jikoni Jumapili nasahau kama nje kuna barafu, tuna kina Bhudagala wanaoimba Kisukuma na harusi za Magu na Misungwi haziishi bila wao. Mi ningependa siku moja promota wa Mwanza aandae tamasha ambalo jina kubwa kwenye bango ni la mtu anayeishi Mwanza. Huku nimeona inawezekana, hawasubiri Berlin iwaletee.

Sasa nisionekane nausifia ughaibuni kila kitu, hapana. Kuna ambavyo hawatatufikia kamwe. Huku mziki una ratiba, saa nne usiku ukiupiga, simu ya jirani au ya polisi inaita, Jumapili ni kimya siku nzima, hata kutoboa ukuta na drili marufuku. Mziki unakatiwa tiketi unaufuata unakaa unapiga makofi unarudi. Kwetu mziki unakufuata wewe. Jumamosi unatoka Mabatini kwenda Soko Kuu unakutana na matarumbeta juu ya pikapu wanasindikiza bibi harusi, pikipiki zinapiga honi kwa mdundo, mbele kidogo muuza kanda na flashi ameweka sabufa nje, Mwaloni wanapakua dagaa redio iko juu ya magunia, bodaboda ana spika yake, kwenye ferry ya Kamanga kuna kijana anaimba tu na hakuna mtu anamshangaa. Ile hali ya kwamba furaha ni ya kila mtu, hulipii na huombi ruhusa, sijaipata hapa na nimeitafuta sana. Na kwenye mpira pia, kibanda umiza cha pale kwetu na yale mabishano yake, mtu hukujui ila akishinda anakukumbatia kama mmezaliwa tumbo moja, huku tukishinda tunapeana mkono na yule mzee.

Ndo maana naumia. Moto tunao, tena mkubwa kuliko wa hawa, ila tunampelekea mtu mwingine auote.

Pamba saizi iko chini ya Jiji, ilipanda 2024 na msimu wa kwanza ilipambana ikabaki. Viongozi mkiwa mnapita hapa nawaombeni vitu ambavyo vinawezekana kesho asubuhi. Wekeni tiketi ya msimu mzima, mtu alipe mara moja hata kwa simu, sisi wa nje tuwalipie wajomba na mama wakubwa. Watoto wa shule za msingi waingie bure wakiwa na walimu wao, mtoto akiiona Pamba akiwa na miaka nane haihami tena. Na kabla ya mechi leteni ngoma uwanjani, Wagalu goli la Pasiansi, Wagika goli la mjini, nusu saa tu wavutane, muone kama Kirumba haitajaa mapema, na mgeni kutoka Dar akiingia kupasha misuli akute ardhi inatikisika.

Mi Mungu akipenda Desemba nipo nyumbani, na yule mzee amesema anataka kuja na skafu yake ya Kickers. Mechi yoyote ya Pamba itakayokuwepo Kirumba tutaenda, hata kama ni Jumatano na mpinzani hana jina. Anayejua machinga wa Makoroboi anayeuza jezi orijino za Pamba anitafutie mbili mapema, moja iwe kubwa sana maana yule mzee ni mrefu kama mlingoti. Wabeja sana.