Hifadhi ina wenyewe

Kila yanapozuka mazungumzo ya kuwarudishia wenyeji ardhi ya hifadhi ya taifa, majibu huwa yale yale: wanyama watakwisha, watalii watakimbia, kila kabila litadai mbuga yake. Mimi nataka ardhi hiyo irudishwe, na irudishwe kwa sheria iliyopitishwa na Bunge, si kwa ahadi ya waziri. Mfano wangu ni Waanangu, wenyeji wa asili wa Australia ya kati, na mwamba wao wa Uluru.

Mwaka 1958 serikali iliumega mwamba huo kutoka eneo walilotengewa wenyeji, ukawa hifadhi ya utalii. Ilipokuja sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1976, Waanangu walidai ardhi yao wakaambulia ya pembeni. Mwamba wenyewe haukuweza kudaiwa, eti kwa kuwa ulishafanywa hifadhi. Yaani kule kunyang'anywa kwa kwanza ndiko kulikotumika kuwanyima mara ya pili! Hapo hata ofisa mwenye roho nzuri asingekuwa na la kufanya; ilibidi sheria irekebishwe. Serikali ya waziri mkuu Bob Hawke ikairekebisha, na tarehe 26 Oktoba 1985 Gavana Mkuu, Sir Ninian Stephen, akawakabidhi wazee hati yao ya kumiliki ardhi.

Siku hiyo hiyo wakasaini kuikodisha ardhi kwa serikali, ibaki hifadhi kwa miaka 99. Walikuwa wameahidiwa miaka 50. Waliahidiwa pia kwamba kupanda mwamba kutapigwa marufuku, na hilo nalo serikali ikaligeuka. Ni sawa na kurudishiwa nyumba yako kwa sharti kwamba mpangaji asiguswe, na bado linaniudhi.

Hata hivyo hati ni hati. Kwenye bodi ya hifadhi Waanangu ndio wengi, na hapo ndipo nguvu yake ilipoonekana. Njia waliyoipanda watalii ni ile ile waliyopita mababu wa Mala, wenye jina la mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu, katika simulizi takatifu za Waanangu. Miaka ya 1960 vyuma vilichimbiwa mwambani, ukafungwa mnyororo wa kushikia, na viatu vikaukwangua mwamba mwekundu mpaka ukabaki mstari mweupe unaoonekana kwa mbali. Watu zaidi ya 30 walifia pale. Kwa Waanangu, mgeni akifia kwao msiba ni wao, kwa hiyo waliweka kibao chini ya mwamba kuwasihi watu wasipande. Wengi walikisoma, wakapanda. Novemba 2017 bodi ikapiga kura kwa kauli moja, na tarehe 26 Oktoba 2019 njia ikafungwa moja kwa moja. Ilichukua miaka 34 tangu hati itolewe, lakini bila hati hiyo kura isingekuwapo.

Na wanyama je? Mwaka 1976, uchomaji wa kienyeji ukiwa umeachwa kwa miaka mingi, moto uliteketeza sehemu kubwa ya hifadhi. Waanangu huchoma vipande vidogo vidogo majira ya baridi, ili moto wa kiangazi ukija ukose nyasi za kula. Leo askari wa hifadhi hufanya kazi hiyo pamoja nao. Mnyama mala mwenyewe, aliyekuwa ametoweka hapo, alirudishwa mwaka 2005.

Huku kwetu Waogiek, jamii ya wawindaji wa Msitu wa Mau, wana Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo ibara ya 63 inaihesabu ardhi ya asili ya wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Wana hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ya tarehe 26 Mei 2017, iliyoikataa hoja kwamba walifukuzwa kwa ajili ya uhifadhi. Juni 2022 mahakama hiyo ikaagiza mipaka ipimwe na hati zitolewe. Novemba 2023 wakabomolewa nyumba kule Sasimwani, ndani ya Mau.

Bunge la Nairobi lianze na muswada mmoja: hati ya pamoja ya Waogiek, bodi ambayo wao ndio wengi, na kama serikali inataka kukodi, muda wa mkataba waupange wao.