Mwenye Kazi Ana Hobi, Mimi Nina Ugonjwa

Nani aliwaambia waajiri wa nchi hii waulize hobi? Mwisho kabisa wa CV, ukishamaliza kutaja shule zote hadi nasari, kuna kijisehemu cha mambo unayopenda, na hapo Kenya nzima huandika jibu moja: kusoma vitabu, kusafiri, kupata marafiki wapya. Kusafiri! Mtu hajawahi kuvuka Ahero. Wengine huongeza kuogelea. Mimi nimekulia Nyalenda, hapa Kisumu, ziwa liko hapo chini, na katika rika langu lote anayejua kuogelea ni mmoja, kijana wa mvuvi wa Dunga. Sisi wengine tunaogelea kwa CV.

Mimi nikaandika ukweli. Nachora katuni kwa mtindo wa Wajapani, ile manga, na nikipata vitambaa natengeneza mavazi ya wahusika wake. Ofisi moja hapa mjini ikaniita. Nikapiga shati pasi kwa jirani (tokeni ya stima ya kwetu ilikuwa imeisha), nikaenda. Mezani walikuwa watatu. Maswali ya shahada yalipita salama. Nilisomea takwimu, naweza kukukadiria uwezekano wa mimi kupata kazi hadi desimali ya tatu, na ndiyo maana silali. Kisha mama wa katikati akafika chini ya karatasi.

“Umeandika hapa unachora katuni.”

“Ndiyo, madam.”

“Za watoto?”

“Hapana, madam. Za watu wazima.”

Wote watatu wakainua vichwa.

“Siyo hizo, madam,” nikasema.

“Na wakati wa kuchora unaupata wapi?”

“Sina kazi, madam.”

Wakasema watanipigia. Simu ninazopigiwa mimi ni za mkopo wa chuo. Sheria hukupa mwaka mmoja wa kupumua baada ya kumaliza masomo, ukipita hujalipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Yaani unatozwa faini kwa kukosa pesa, na faini yenyewe ni pesa.

Sasa chukua mtu mwenye kazi afanye mambo haya haya. Kuna bwana mkubwa wa Milimani anayeshinda Jumamosi nzima juani akikimbiza kijipira kwa fimbo. Akikipata, badala ya kukiokota arudi nyumbani, anakipiga tena kiende mbali. Huyo anapumzisha akili. Kuna mwalimu jirani yetu anayekusanya saa mbovu, kabati limejaa, hakuna hata moja inayosema saa ngapi, na watu husema mwalimu anapenda vitu vya kale. Mimi nikishika penseli saa nne asubuhi, ploti nzima inanihurumia. “Msomi, leo pia hukutoka?” Nikikaa bila kufanya chochote, natazama tu ukuta, hapo hawasemi kitu. Kutazama ukuta ni kutafuta kazi. Kuchora ni uvivu.

Anti, mke wa Mjomba, aliokota wigi langu la buluu kwenye ndoo ya nguo. Nililipata sokoni Kibuye, chini kabisa ya rundo la mtumba, kwa bei ya sahani ya chipsi. Hakuniuliza kitu. Jumatano nikarudi nikawakuta akina mama wa maombi wameketi sebuleni, wigi liko katikati ya meza juu ya kitambaa cha kufuma, wanaliombea. Mmoja, sauti ilikuwa inafika barabarani, aliomba roho ya katuni initoke na roho ya kuandikwa kazi iniingie. Hiyo ya pili nilijibu amina nikiwa mlangoni. Walipokwisha kunywa chai wakaondoka, Anti akanirudishia wigi limekunjwa vizuri, akasema nilifue, lina vumbi.

Lakini joho ndilo lililoniletea mambo. Nilitaka joho jeusi, refu hadi kwenye kifundo cha mguu, kola ya kusimama hadi puani, na mawingu mekundu yaliyozungushiwa uzi mweupe. Wapenzi wa anime, zile katuni za Kijapani za video, mnajua ni la nani. Fundi wangu wa Kibuye hakujua. Alinipima mabega, akachomoa chaki sikioni.

“Kanisa gani, Legio ama Roho?”

“Si ya kanisa, mzee.”

“Basi ni kanisa jipya. Kiongozi ni wewe?”

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akanipa tena. Akasema mawingu si shida, yeye ameshashona jua, mwezi na ngazi ya Yakobo. Nikamweleza habari za Japani, za katuni, za mkutano wa mashabiki ambapo kila mtu huja amevaa kama mhusika anayempenda. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema kwa kuwa ni kazi ya Mungu atanipunguzia mia mbili. Sasa hapo wewe ungefanya nini? Mia mbili! Nikamwambia abarikiwe.

Nilipoenda kulichukua, mawingu yalikuwa safi kushinda hata ya kwenye picha. Na mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni, alikuwa ameshona msalaba mweupe wa satini.

“Huo ni zawadi,” akasema. “Sijakutoza.”

Mvua ilikuwa imeanza, nikalivaa kurudi nyumbani. Dereva wa tuktuk akakataa nauli, akaomba nimkumbuke kwenye maombi, ana kesi ya shamba. Mama mboga wa pale kona akanisimamisha nimbarikie kibanda. Nikabariki, ningefanyaje, watu walishaanza kuvua kofia. Akanizidishia nyanya mbili. Shahada yangu ya miaka minne haijawahi kunipa nyanya.

Mkutano wenyewe wa mashabiki ulikuwa Nairobi. Nauli, kiingilio, mahali pa kulala. Tusizungumze hayo.

Tuje kwa Mjomba. Mjomba ndiye aliyetangaza rasmi nyumbani kwamba katuni ni mambo ya watoto. Huyu ni mzee mwenye wajukuu, na siku Gor Mahia wanacheza anapaka uso rangi ya kijani, anavaa kofia ya mjengo aliyoifunga pembe za ng'ombe, na anapuliza tarumbeta kuanzia mlangoni petu saa tatu asubuhi, mechi ni ya jioni. Mtoto wa jirani akilia kwa kuogopa, anaambiwa “nyamaza, ni Jaduong' tu.” Mimi nikivaa wigi ndani ya chumba changu, mlango nimefunga, inaitishwa mkesha.

Klabu ilizaliwa 1968. Mwaka wa 1987 ikachukua Kombe la Washindi la Afrika, lile la Mandela, mbele ya Espérance: sare ya 2-2 kule Tunis, sare ya 1-1 Nairobi, mabao ya ugenini yakaamua. Nayajua haya kwa sababu nasimuliwa kila tukipakuliwa omena, na bao la pili la Tunis lazima Mjomba alisimulie akiwa amesimama. Bao hilo limeshamwaga mchuzi zaidi ya mara moja. Anti hufuta meza bila kusema lolote. Hilo haliombewi.

Kuna jioni aliketi kando yangu nikisoma kwenye simu.

“Hiyo hadithi yako inaisha lini?”

“Hii ni One Piece, Mjomba. Ya Mjapani anaitwa Eiichiro Oda. Bado haijaisha.”

“Ilianza lini?”

“1997.”

Akavua miwani. “Tangu 1997 mtu anachora tu? Hana kazi?”

“Ndiyo kazi yake. Ni tajiri sana, Mjomba.”

Akanyamaza kwa muda. Nikafikiri leo ameelewa.

“Basi mwambie akuandike.”

Nikaona nimjaribu kwa upande wake mwenyewe. Nikamwuliza jina la timu lilitoka wapi, na hapo nimemchokoza nyuki, maana anajua kuliko sisi wote. Gor alikuwa mganga mkubwa wa Kanyamwa, kule Ndhiwa, na masimulizi yanasema maadui wakimjia alikuwa akijigeuza, mara hiki mara kile, wanampita bila kumtambua. Mjomba alisimulia hadi chai ikapoa.

“Sasa Mjomba, na huyu mhusika wangu wa manga si anajigeuza hivyo hivyo?”

“Huyo wako ni katuni,” akasema. “Gor ni historia.”

Sawa. Kwa hasira nikachora historia. Nikamchukua Luanda Magere, shujaa wa Kano, mwenye mwili wa jiwe, mikuki inamgonga na kuanguka chini. Wanandi wamechoka kushindwa, wanamtolea binti mrembo amuoe. Siku moja Magere anaugua, anamwambia mkewe amchanje amtie dawa, wembe hauingii, basi anamwambia achanje kivuli. Kivuli kinatoka damu. Binti anapata habari aliyotumwa kuitafuta, usiku anakimbia kwao, na vita vinavyofuata mkuki unapigwa kivulini. Jiwe alilogeuka lipo hadi leo upande wa Nyando, na wazee husema wawindaji walikuwa wakinoa mikuki hapo. Wajapani wangeuziwa hadithi hii wangeinunua leo leo. Kilichokuwa kinapungua ni nywele tu. Nikamwekea Magere nywele zilizosimama.

Kurasa za kwanza Mjomba alizichukua bila ruhusa akazipeleka kijiweni kwa wazee wenzake. Zilirudi na alama za vikombe vya chai, na kesi.

“Magere hakuwa na nywele hizi.”

“Alikuwa na zipi? Mlikuwepo?” nikauliza, na hapo nikafukuzwa kwanza, nikaitwa tena.

Mmoja akasema ngao nimeishikisha mkono usio wake. Mwingine akasema ng'ombe niliyechora ni wa maziwa, gredi kabisa, hao walikuja na wazungu. Huyo nilimshukuru kwa dhati, nikarekebisha. Kulikuwa na mzee wa maziwa, hushuka na mitungi yake kutoka Nandi Hills, alikuwa ametulia muda wote akinywa chai. Akavuta ule ukurasa wa binti, akautazama. Nilikuwa nimemchora na macho ya hila, kitabasamu cha pembeni.

“Huyu mnasema ni msaliti,” akasema. “Kwetu huyu hakusaliti mtu. Alikuwa kazini.”

Kijiwe kikalipuka. Mimi nilibaki nimekaa na penseli yangu. Kumbe hata humu kwenye hadithi yangu mwenyewe kila mtu ameandikwa kazi.

Tangu hapo nina mashabiki, na sijui kama nilikuwa nataka mashabiki wa aina hii. Wakinikuta barabarani wananipigia honi: “Msomi! Sura ya pili lini?” Mtu ambaye miezi michache iliyopita alikuwa ananiuliza kama nimejaribu mjengo, leo ananiuliza kama Magere atakufa kwenye sura ya tatu au ya nne, kwa sababu wiki ijayo anasafiri. Na kwa kuwa sasa inajulikana kwamba mkono wangu unachora, nimeshachora nembo ya chama cha Anti, bango la harambee ya mazishi, na ng'ombe wa kwenye mlango wa buchari. Malipo ni “Mungu akuzidishie.” Anizidishie nini, na kwenye sifuri? Mwenye buchari angalau alinifungia matumbo. Akina mama wa maombi nao wameagiza picha ya malaika Gabrieli, bure, na wakasema nikipenda naweza kumwekea nywele za buluu.

Nikawaambia wazee kwamba kutoa kopi saiba ni pesa, karatasi ni pesa, na penseli za B ninazotumia hazipatikani kwa muuza mandazi. Wakaelewana vizuri sana juu ya jambo hilo, wakalaumu serikali, wakanyamaza. Juzi ndipo kofia ikazunguka. Ilirudi na shilingi 170 na kifungo cha shati. Mzee wa maziwa akatoa noti ya hamsini yake kando, kwa sharti kwamba binti apewe sura nzima yake peke yake, na aonekane akipokea maagizo kabla ya kuondoka kwao.

Mjomba akanivuta nyuma ya kibanda, akatazama huku na huku, akatoa noti ya mia iliyokunjwa mara nne.

“Magere avae kijani.”

“Mjomba, Magere hakuwa na jezi.”

“Ulikuwepo?”

Nimempaka kijani. Nimemwambia namba ya mgongoni ni mia nyingine, na kopi za rangi atalipa yeye.