Alivaa mkanda, lakini kulabu ilikuwa inaning'inia

Habari inasema fundi alianguka kutoka mnara wa simu akiwa na mkanda wa usalama mwilini, kisha inalaumu woga wake. Jamani, woga si kosa! Anayeogopa bila kuuamini mkanda hung'ang'ania chuma kwa mikono miwili, hivyo hana mkono wa kufungia kulabu ya kamba yake kwenye mnara. Kabla ya kupanda, mning'inizeni nusu mita tu kutoka ardhini, dakika mbili, aachie mikono. Mwili ukishahisi umebebwa, vidole hulegea vyenyewe.

Mikanda ya mapaja ibane kiasi cha kiganja kilichonyooka kupita, ngumi isipite. Kamba iwe ya kulabu mbili: moja haifunguliwi mpaka ya pili ilie "tak" na ulimi wake ujifunge. Fungia juu ya kichwa, si miguuni. Kifuko cha kupunguza mshtuko kilichoshonwa kwenye kamba, kikishafumuka nyuzi, hata kidogo, kitupwe. Na pigeni hesabu: kamba mita 1.8, kifuko kikifunguka 1.1, mwili kuanzia pete ya mkanda hadi miguuni 1.5, akiba 1. Chini ya kulabu panatakiwa mita 5.4 wazi, pakipungua, atagonga chini mkanda ukiwa mzima.