Mpeni Mtunzi Usiku wa Pili

Nina ugomvi mdogo na zile jioni za dansi ya kisasa ambapo watunzi chipukizi wanne au watano, wale wanaobuni miondoko, hugawana jukwaa. Nikisikia ipo moja hapa Dar es Salaam naenda, na nitaendelea kwenda. Kinachonikera ni ratiba yake. Kazi iliyofanyiwa mazoezi miezi kadhaa inaonyeshwa mara moja, watu wanapiga makofi, wanapiga picha, na kesho yake haipo tena. Mwakani mtunzi yuleyule anaombwa alete kitu kipya, na ile ya zamani hata yeye mwenyewe ameshaanza kuisahau.

Ya karibuni niliyohudhuria ilikuwa kama zilivyo nyingi. Viti vya plastiki, kuanza kwa kuchelewa, na mshereheshaji aliyeipenda maiki kuliko alivyowapenda wachezaji. Kazi ya kwanza ilikuwa ya watu wawili na kamba, na kamba ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Ya pili ilikuja na hotuba iliyorekodiwa kuhusu tabianchi, mchezaji akawa anaifuata neno kwa neno: ikitajwa mvua, vidole vinashuka; ukitajwa ukame, analala chini. Tuiache.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Kijana mmoja, peke yake, bila muziki, kavaa shati la sare ya konda. Akaanza kwa kukunja noti kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole, kama wanavyofanya wenyewe. Mkono wa pili ukawa unagonga bodi ya daladala isiyokuwepo. Mwili ukaning'inia mlangoni, mguu mmoja hewani. Watu wakaangua kicheko, maana hakuna aliyekuwa mle ndani asiyemjua mtu huyo. Akarudia. Akarudia tena, kwa mwendo uleule, haongezi wala hapunguzi, mpaka kicheko kikaisha chenyewe, ndipo tukaanza kuona mengine: bega la kulia lililopanda juu kuliko la kushoto, goti moja linalobeba mzigo wote, shingo isiyogeuka kumtazama abiria hata pale anapopokea nauli yake. Hapo nilisahau kwamba nimekalia kiti cha plastiki.

Halafu akaiharibu. Dakika za mwisho alivua shati, akajiangusha, akabiringika, piano ikaingia kwenye spika na taa ikawa nyekundu. Nahisi aliogopa kwamba asipotuonyesha huzuni waziwazi hatutajua kazi imekwisha. Na hiyo taa nyekundu yenyewe ilichelewa, ikawaka wakati yeye yuko chini zamani, kwa sababu mchana wa siku ile watunzi wote walikuwa wamegombea muda mfupi wa kupanga taa na fundi mmoja.

Kijana huyu angecheza tena kesho yake, naamini ule mwisho angeukata. Angekuwa ameshasikia kicheko kilipofia, ameshahisi ukumbi ulipomfuata na ulipomwacha. Mambo hayo hayapatikani mazoezini, kwa sababu mazoezini hakuna wa kucheka. Unaweza kujitazama kwenye kioo au kwenye video ya simu mpaka macho yaume, hutajua ni wapi watu wasiokujua watachoka na wewe. Usiku wa kwanza unamwambia mtunzi hayo yote kwa mkupuo, kisha sisi tunakunja zulia na kuzima taa. Baada ya hapo tunakaa kwenye vibanda vya chipsi na kulalamika kwamba kazi za vijana hazijaiva.

Wapenzi wa dansi wana tabia ya kuutaja usiku wa tarehe 6 Julai 1962 kwa sauti ya heshima. Pale kanisa la Judson Memorial, New York, vijana waliotoka kwenye darasa la utunzi la Robert Dunn walionyesha kazi 23 za watunzi 14, bila kiingilio, katikati ya joto kali la Julai. Ukisoma unavyosimuliwa utadhani dansi ya Marekani ilibadilika kabla ya asubuhi. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba walirudi. Kufikia mwaka 1964 kundi hilo lilikuwa limefanya maonyesho 16, wameyapa na namba, na watu kama Yvonne Rainer na Steve Paxton waliokuwapo kwenye la kwanza wakawa wanajaribu, wanakosea na kujaribu tena. Kanisa liliwaachia ukumbi. Ukiyafuta yale 15 yaliyofuata, usiku wa kwanza unabaki kuwa jioni ndefu ya watu kutokwa jasho.

London wana msimu wao, Resolution, ambao ukumbi wa The Place umekuwa ukiufanya tangu 1990: kazi tatu kila usiku, za watunzi watatu tofauti. Watunzi mashuhuri kama Wayne McGregor na Hofesh Shechter wamepitia huko. Siwezi kuutumia kama ushahidi wangu, kwa sababu hata huko kazi kwa kawaida hupata usiku mmoja tu. Lakini wana jambo ambalo mimi ningelichukua leo hii: maonyesho yale huandikiwa uhakiki, na mwandishi anayejifunza kazi hupewa nafasi ya kuandika sambamba na mhakiki mzoefu. Mtunzi anaamka akiwa na kitu cha kusoma, hata kama ni cha kumkasirisha. Kwetu anaamka na "hongera sana kaka" ishirini kwenye WhatsApp na vipande vya video huko Instagram, na vipande hivyo siku zote ni vya mtu akiruka. Konda aliyesimama akikunja noti hakuna aliyemrusha.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Faustin Linyekula, Mkongo aliyeanzia mambo yake Nairobi. Huko ndiko yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walikoanzisha kundi la dansi la Gàara, na mwaka 1998 kazi yao iitwayo Cleansing ikapata tuzo Luanda, kwenye mashindano ya watunzi wa Afrika na Bahari ya Hindi. Baadaye alirudi kwao, akaanzisha kundi lake, Studios Kabako, mjini Kinshasa mwaka 2001, kisha akahamia Kisangani. Mwaka 2006 alitunga Dinozord. Ikafika hadi tamasha la Avignon, Ufaransa. Mtu mwingine angesema basi, imefika, tunga nyingine. Mwaka 2012 aliifumua, akaisuka upya na kuirudisha jukwaani kwa jina Sur les traces de Dinozord, kwa sababu miaka ilikuwa imepita na wale waliokuwa ndani yake walikuwa na mambo mengine ya kusema. Huyu ni mtu anayealikwa Ulaya kila mara na bado anaona kazi yake inastahili kurudiwa. Kijana wetu mwenye dakika zake kumi na tano tunamwambia ameshapata nafasi yake.

Najua jibu nitakalopewa: nani atakuja usiku wa pili? Mtu akishaona, kaona. Mimi sikubali. Nenda kwenye taarab uone mama aliyevaa akapendeza anavyousubiri ubeti anaoujua kwa moyo, na ukifika tu anainuka na noti yake kwenda kutunza. Wimbo ule kausikia mara ngapi? Anainuka kwa sababu anaujua. Watu wa huku hatujawahi kuogopa kurudia kitu kizuri, na hata ngoma za harusi tunazozipenda ni zile tunazojua zinakoelekea. Dansi ya kisasa peke yake ndiyo tuliyoiamulia kwamba lazima iwe ngeni kila mara, kisha tunashangaa watazamaji wanatoka wakisema hawakuelewa.

Kuna na suala la wafadhili, nalisema haraka kwa kuwa kila mtu wa sanaa analijua. Fomu nyingi za maombi zinauliza utatunga nini kipya. Sijawahi kuona inayouliza ni kazi gani yako ya zamani ungependa kuirekebisha. Ndiyo maana tunapata tabianchi leo na afya ya akili kesho, na hakuna mtunzi anayekaa na jambo moja mpaka limtii.

Vipaji havijapungua. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kipo tangu 1981. Muda Africa, shule ya dansi, wamefundisha vijana hapahapa Dar. Nafasi Art Space kule Mikocheni kuna mahali pa kufanyia kazi. Ninachoomba ni hesabu nyingine: badala ya watunzi watano usiku mmoja, wawe watatu kwa usiku mbili, na ile iliyoshika watu ipandishwe basi mwezi unaofuata, ipelekwe Bagamoyo au Morogoro ikatazamwe na watu wasiomjua mtunzi wala shangazi yake. Wawili watakaokosa watakasirika, na wana haki. Wapangiwe msimu unaofuata, kwa masharti hayohayo.

Gharama? Nimewahi kusaidia kubeba vitu kwenye maonyesho ya aina hii, kwa hiyo naijua kidogo. Kinachokula pesa ni kuleta taa na kuzifunga, kutandika lile zulia la plastiki juu ya zege na kulibandika gundi pembeni, na usafiri wa wachezaji kwenda na kurudi mazoezini. Ikifika saa mbili usiku, karibu yote hayo yameshalipiwa. Kuliacha zulia mpaka kesho yake kunahitaji mlinzi, posho ya fundi taa ya siku moja zaidi, na chakula cha wachezaji. Kiingilio cha usiku huo wa pili nitalipa na mimi. Ila tafadhali, maiki ya mshereheshaji ibaki stoo.