Bakuli la Richmond halikumwibia mtu kura

Sisi wasemaji wa Kiswahili tungekuwa wa mwisho kulicheka bakuli la Richmond. Kura, kabla ya kuwa karatasi ya kumchagua mbunge, ilikuwa jambo hili hasa: kuiachia bahati iamue pale binadamu wameshindwa kuamua. Mabaharia waliosafiri na Yona walipiga kura kwa maana hiyo, na hadi leo ndugu wakigawana shamba huipiga vivyo hivyo. Tarehe 4 Januari 2018 jimbo la Virginia, Marekani, lilirudi kwenye maana hiyo ya kwanza: huko Richmond, mji mkuu wa jimbo, mshindi wa kiti cha bunge la jimbo alipatikana kwa kuchomoa jina ndani ya bakuli, na wengi wakaona ni aibu.

Eneobunge la 94 la Virginia lilikuwa Newport News, mji unaojulikana kwa kuunda meli. David Yancey wa Republican alichaguliwa hapo mwaka 2011, na mwaka 2015 akamshinda Shelly Simonds wa Democratic kwa urahisi. Novemba 2017 wakakutana tena, Yancey akaongoza kwa kura 10 tu. Kura zilipohesabiwa upya tarehe 19 Desemba, Simonds akawa mbele kwa kura moja. Kesho yake majaji watatu wakaihesabu karatasi moja iliyokuwa imekataliwa, wakampa Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608. Na haikuwa kiti cha mtu mmoja tu: Yancey akipita, Republican wangekuwa na viti 51 kati ya 100 vya Baraza la Wajumbe la Virginia, Simonds akipita, vyama vingekuwa 50 kwa 50.

Itazame karatasi yenyewe. Mpiga kura alitia wino kwenye kiduara cha Yancey na pia cha Simonds, kisha akapitisha mstari mdogo juu ya kile cha Simonds. Je, alikuwa anafuta? Kwenye ugavana pia alimjazia mgombea wa Republican kiduara, halafu akaongeza alama juu yake. Kama alama ya huko haikufuta, mawakili wa Simonds waliuliza, kwa nini ya hapa ifute? Majaji walijibu kwamba karatasi nzima haikuwa na Mdemocrat mwingine aliyechaguliwa. Naona jibu lao lina mashiko, ingawa nakiri kwamba watu watatu wenye nia njema wangeweza kuitazama karatasi hiyohiyo wakaona kingine.

Hapo ndipo sheria ya Virginia ilipoleta bakuli, lililoazimwa kutoka jumba la makumbusho ya sanaa. Majina mawili yaliandikwa kwenye vikaratasi, kila kimoja kikatiwa ndani ya kikopo cha filamu ya kamera, vikachanganywa. Mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akachomoa kimoja mbele ya Simonds na kamera za televisheni. Yancey.

Wanaopinga wana hoja, tena ya heshima. Mtu aliyetoka kazini amechoka akapanga foleni hakwenda kucheza bahati nasibu. Waamuzi, wanasema, ni wananchi, kwa hiyo warudishiwe swali lao kwa uchaguzi wa marudio.

Lakini marudio yangewarudishia swali lile? Novemba watu wa Newport News walichagua mjumbe wao. Uchaguzi wa marudio ungekuwa wa kuamua nani atawale baraza zima, huku pesa na wanaharakati wakimiminika kutoka kila pembe ya Marekani kwa ajili ya mitaa michache. Wangejitokeza wengine, wengine wangebaki nyumbani, na mwenye mfuko mzito angekuwa na nafasi nyingine. Bakuli halina chama, halipokei simu ya mtu. Wananchi walikuwa wamekwisha kusema kwamba wagombea hawa kwao ni sawa, na kura ya bahati ndiyo pekee inayolichukulia neno hilo kama lilivyo. Hata hofu kwamba kikopo kile kingewanyima maskini matibabu haikutimia: mwaka huohuo baadhi ya Republican waliungana na Democratic kupanua bima ya afya ya Medicaid, ikiwafungulia mlango watu wapatao 400,000.

Kinachonisumbua mimi ni namba nyingine kabisa. Mei 2018, miezi minne baada ya bakuli, ilibainika kwamba wapiga kura 26 wa eneobunge la 94 walikuwa wameandikwa kimakosa kwenye eneobunge jirani na wakapigia kura huko. Wengi wa wakazi wa mtaa wao ni Wamarekani weusi, na mtaa huo uliwapa Democratic kura nyingi. Ishirini na sita, mahali palipohitaji mmoja! Majaji walibishana juu ya mstari mdogo wa wino, mabingwa wa sheria wakaandika kurasa kwa kurasa, na wakati wote daftari la wapiga kura lilikuwa limekaa kimya na kosa lake. Dunia ilipiga picha bakuli. Daftari halikupigwa picha na mtu.

Mwaka 2019, kwa mipaka iliyochorwa upya kwa amri ya mahakama, Simonds alimshinda Yancey waziwazi na akaingia bungeni. Wale 26 hawakurudishiwa kura yao ya 2017.