Kabla ya kununua injini, lala chini ya difu

Injini ya lori ikishakufa, watu huanza kuulizana habari za nguvu za farasi: hii inazo ngapi, ile inazo ngapi. Kwangu hilo ni swali la tatu au la nne. La kwanza liko nyuma kabisa ya gari, ndani ya difu (lile boksi la gia katikati ya tairi za nyuma), na kulijibu unahitaji tochi, kitambaa cha kufutia tope na dakika kumi za kulala chini.

Namba ya difu, yaani mara ngapi shafti inayoingia humo huzunguka ili tairi zizunguke mara moja, wakati mwingine imegongwa kwenye kibati. Kibati kikiwa kimepotea, na kwa lori la miaka mingi kimeshapotea, funga kabari magurudumu ya mbele, inua upande mmoja wa nyuma, toa gia, kisha zungusha tairi iliyo hewani mara mbili kamili huku mwenzio akihesabu mizunguko ya propela shafti, ile inayotoka giaboksi kwenda difu (mara mbili, kwa sababu tairi ya upande wa pili imesimama). Ikizunguka mara sita na kidogo, umeshajua mengi kuhusu injini unayoruhusiwa kununua.

Malori mengi ya uzito wa kati yaliyotoka kiwandani na V8 ya petroli yalifungwa difu nzito, 6.17 kwa mfano, maana petroli hupenda kukimbia na mizunguko 4,000 kwa dakika haiisumbui. Sasa chukua Cummins 6BT, dizeli ya lita 5.9, injini ambayo haikosekani kwenye mazungumzo ya aina hii. Gavana yake, kifaa kinachoizuia injini isizidishe mbio, kwa kawaida hukata karibu na mizunguko 2,500. Tairi ya 10.00-20 husogeza gari kama mita 3.2 kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenda kilomita 80 kwa saa ni lazima izunguke mara 417 kwa dakika. Zidisha kwa 6.17, unapata 2,570. Gia ya mwisho ikiwa haizidishi kitu, injini imeishiwa pumzi kabla hata hujafika 80, na mwenye gari atasema dizeli haina mbio. Ukiweka difu ya 4.88, mwendo huohuo unaupata kwenye 2,035, pale ambapo injini hiyo inapumua vizuri na kunywa kidogo. Nimeshaona lori zuri likiuzwa kwa hasira kwa sababu ya hesabu hii ambayo mtoto wa darasa la sita angeifanya.

Baada ya difu, giaboksi. Dizeli yenye tabo hutoa nguvu nyingi ya kuzungusha shafti ikiwa bado iko chini. 6BT za mwanzo, zenye farasi 160 tu, zilikuwa na karibu Nm 540 (Nm ndicho kipimo cha nguvu hiyo ya kuzungusha), na hizo zilipatikana kwenye mizunguko isiyofika 2,000. Giaboksi haijali farasi, inajali huo msokoto wa kuondokea mlimani na mzigo. Tafuta kiwango chake cha Nm kabla ya kuiamini. Klachi vilevile.

Hapo ndipo ninapoanza kuwa mzee mkaidi. Kama injini iliyokufa ilikuwa dizeli na lori lilikuwa likifanya kazi yake bila malalamiko, rudisha injini ya aina ileile. Mauntingi zinaingia, paipu za rejeta zinafika, stata inakaa mahali pake, waya ni zilezile. Hata kufumua ile ya zamani kusidharauliwe. International DT466 ya lita 7.6 ina slivu (mabomba ya silinda yanayochomoleka) zinazogusana na maji, kwa hiyo fundi hubadilisha slivu, pistoni, ringi na beringi huku bloku likiwa bado kwenye chesisi. 6BT haina slivu: silinda zikilika, bloku linatoka na kwenda kuchongwa. Caterpillar 3208, ile V8 ya lita 10.4, nayo haina. Tofauti hiyo haionekani siku ya kununua. Inaonekana siku ya ovahoo.

Ikiwa ni lazima ubadili aina, basi usinunue injini peke yake. Nunua lori zima lililogongwa au kuoza bodi, lenye injini inayowaka. Utalisikia likinguruma kabla ya kulipa, na utapata giaboksi iliyozoeana na injini hiyo, nyumba ya klachi, flaiwili, propela shafti, rejeta, kebo ya mafuta, na pengine hata difu unayoitaka. Injini iliyokaa kwenye pallet, imepakwa rangi mpya, hainiambii chochote. Rangi yenyewe ndiyo inayonitia shaka.

Juu ya umeme sina utata: kwa lori la zamani, pampu ya dizeli ya kimakanika. Injini ya aina hiyo huhitaji waya mmoja wa kuiwasha na kuizima, basi. Injini mpya yenye komoni reli, ambayo dizeli yake hupulizwa kwa amri ya kompyuta, huchoma safi zaidi na haitoi moshi, lakini inakuja na kompyuta, sensa za kila kona na pedali ya umeme, na kompyuta hiyo hutegemea kusikia habari kutoka kwa vifaa ambavyo lori lako halijawahi kuwa navyo. Kitu kimoja tu kinaweza kunibadilisha msimamo, nacho ni sheria. Kuna mahali ambapo injini mbadala hairuhusiwi kuwa ya zamani kuliko gari, na namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye kadi. Uliza kabla ya kufungua bolti.

Nafasi. Injini ya silinda sita za mstari ni ndefu kuliko V8. Niliwahi kupima injini kwa uangalifu mkubwa, nikaandika kila kitu kwenye daftari, nikasahau feni. Ilipotua kwenye mauntingi, feni ilikuwa ikiangaliana na rejeta kwa umbali wa kidole. Pima na feni. Pima pia sampu, bakuli la oili chini ya injini: ikiwa tumbo lake liko mbele na mhimili wa lori lako nao uko mbele, haviwezi kukaa pamoja.

Na breki, ambazo husahaulika kwa kuwa si sehemu ya injini. Injini ya petroli huvuta vakyumu (mvuto wa hewa) yenyewe, na buster inayosaidia mguu kwenye breki huitegemea. Dizeli haina hiyo vakyumu, kwa hiyo pampu ya vakyumu lazima iwekwe. Kama lori ni la breki za upepo, hakikisha injini mpya ina mahali pa kompresa. Kama injini ni ya volti 24 na gari ni la 12, stata na oltaneta zibadilishwe mapema, si usiku wa kuamkia safari.

Injini ikishapatikana, iwashe kabla ya kuitoa kwenye lori lake, fungua kifuniko cha oili na utazame mvuke unaotoka: ukipuliza kama birika, ringi zimekwisha. Ikiwa sakafuni, sukuma krenkshafti mbele na nyuma kwa mtaimbo, usikie kama inacheza. Badilisha sili ya nyuma ya krenki sasa, wakati giaboksi haiko njiani. Na kama ni 6BT ya vali 12, fungua kifuniko cha gia za mbele ukatafute pini ndogo ya chuma iliyoko kwenye kesi ya taimingi. Kwa miaka huwa inajisogeza taratibu, na ikidondoka inaangukia katikati ya gia. Kipande cha bati kilichobanwa chini ya bolti ya jirani kinaizuia isitoke, na kukifunga injini ikiwa sakafuni ni kazi ya saa chache tu.