Kopa nne kwa pointi tano

Wiki iliyopita, tukicheza briji barazani Shela hapa Malindi, mzee wetu alinadi kopa moja, yaani aliahidi kwamba yeye na mwenzake watakula mizunguko saba kati ya kumi na tatu, kopa ikiwa turufu. Mpinzani akapita. Binti aliyekaa mkabala naye, ndiye mwenzake wa mchezo, akaruka moja kwa moja hadi kopa nne, yaani mizunguko kumi. Zamu ya kulaza karata mezani ilipofika, mzee alizihesabu kwa kidole, akainua macho. "Mwanangu, pointi tano ndizo zimekupandisha mpaka nne?" Binti akajibu kwa adabu, "Ami, hesabu turufu kwanza."

Mizunguko kumi ililiwa, mkataba ukatimia, na ubishi ukaendelea mpaka kahawa ikapoa kwenye dele. Waliokuwepo wengi walisema binti alibahatika. Mimi naona hakubahatika, na inaniuma kuona mchezaji aliyefikiri anaambiwa ana pupa.

Tazama alichoshika. Kopa tano: mfalme, tisa, saba, tano na mbili. Uru nne zikiongozwa na malkia. Pau tatu za ovyo. Na shupaza moja peke yake, nne. Mfalme ni pointi tatu, malkia mbili, jumla tano. Mzee alikuwa na pointi kumi na tatu, maana ree ni nne: kopa ree, malkia, nane, nne, tatu, shupaza ree, tisa, saba, tatu, uru mfalme na tano, pau tisa na nne. Kwa pamoja wana pointi 18 kati ya 40 za karata zote, yaani hata nusu hawana. Lakini angalia mchezo unavyokwenda. Turufu za wapinzani ni tatu tu, na mara nyingi zinagawanyika mbili kwa moja, kwa hiyo raundi mbili zinazimaliza. Shupaza ree inakula. Shupaza tatu zilizobaki za mzee zinakatwa kwa turufu za binti, moja baada ya nyingine. Turufu tano za mzee zinakula zote, na uru inatoa mzunguko mmoja. Kumi. Kinachopotea ni uru ree na pau mbili, basi.

Wanaosema "pointi kwanza" nawaelewa, maana wengi wetu pwani tulilelewa na mchezo wa karata wa wahedi wa sitini kabla ya kuijua briji. Kule mfalme anaitwa mzungu wa nne kwa sababu thamani yake ni nne. Ghulamu tatu, malkia mbili, saba kumi, ree kumi na moja. Jumla ni 120, na anayefika 61 ameshinda. Pointi kule ndiyo mali yenyewe: unaila karata, unaiweka upande wako, unaihesabu mwishoni. Katika briji hakuna anayekuandikia pointi hata moja. Ree ni nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja, lakini hayo ni makisio tu ya mizunguko utakayokula. Kinacholipwa ni mizunguko. Na karata ya turufu yenye namba mbili ikikata ree ya mpinzani, imekula mzunguko kamili, ingawa kwa hesabu ya pointi ni sifuri. Hapo ndipo mazoea ya zamani yanapotupotosha.

Mwaka 1969 Mfaransa Jean-René Vernes aliandika kwamba ukijumlisha mizunguko ambayo kila upande ungekula kwa turufu yake bora, jumla hiyo kwa wastani hukaribia idadi ya turufu za pande zote mbili. Ni wastani, si amri. Lakini kutokana nayo wachezaji wengi wamechukua kipimo chepesi: mkiwa na turufu kumi baina yenu, pandeni hadi ngazi ya mizunguko kumi bila kusita. Binti alikuwa na kopa tano, na mzee kwa kunadi kopa moja aliahidi angalau tano. Kumi. Isitoshe, wapinzani walikuwa na pointi 22 na shupaza nane. Angesema kopa mbili kwa upole, wangeingia na shupaza mbili, wangesikilizana, wangejua wamesimama wapi. Kopa nne iliwafungia mlango kabla hawajafungua kinywa.

Sasa mbadilishie binti karata. Mpe shupaza malkia, ghulamu na sita. Kopa mfalme, tisa, saba. Uru malkia, ghulamu, saba, tatu. Pau malkia, nane, tano. Pointi kumi na moja, zaidi ya mara mbili ya zile za kwanza, na jumla yao na mzee inakuwa 24. Wengi barazani wangepanda hadi nne kwa furaha. Nimezipanga hizo karata mezani usiku, peke yangu, mara kadhaa. Pau mbili zinapotea, uru ree inapotea, na mkataba mzima unabaki umening'inia kwenye shupaza mfalme. Akiwa kwa mpinzani wa upande unaokufaa, kumi. Akiwa kwa yule mwingine, tisa. Nusu kwa nusu, tena kabla hujahesabu siku ambazo turufu tano za wapinzani zitagawanyika vibaya.

Wapo watakaosema nusu kwa nusu inatosha, na kwenye mashindano ya timu wana hoja nzito. Mkiwa hatarini, yaani katika hali ambayo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi, kopa nne ikitimia mnaandikiwa 620, na ukibaki kwenye mnada wa chini ukala kumi ni 170. Tofauti ni 450, ambayo kwa jedwali linalogeuza tofauti kuwa alama za timu ni alama 10. Ukipanda ukakosa mzunguko mmoja unatoa 100, wakati ungepata 140. Tofauti 240, alama 6. Kwa hiyo nafasi ya asilimia 37.5 tu inatosha kukulipa.

Na wazee wana haki juu ya jambo moja kubwa zaidi. Kuruka hadi nne ni kumwambia mwenzio "nina turufu nyingi, nguvu sina". Ukiruka hivyo ukiwa na pointi kumi na nne, mwenzio atapita, na mkataba wa mizunguko kumi na mbili utawapita mkiutazama. Na ukiruka na turufu tatu, karata bapa (aina zote zikikaribiana kwa idadi), pointi tano, wapinzani watakupiga dabo, yaani watakuongezea adhabu ukikosa. Ukikosa mizunguko mitatu mkiwa hatarini, 800 zimekwenda.

Kwa zile karata za pili, nje ya mashindano ya timu, mimi ningealika kwa kopa tatu, yaani ningemwachia mzee aamue kupanda nne au kupita. Mzee mwenye kumi na tatu na pau mbili dhaifu angepita, na tisa zingetosha hata mfalme wa shupaza akikaa vibaya. Kwa zile za kwanza ningesema kopa nne kama binti, kwa sauti ileile aliyoitumia.